Aliyeomba Aandikwe Hajafuzu

Siku moja haijanitoka, mwanangu, na kila nikiona kijana ameshika karatasi zenye visanduku vya kutia alama, hunirudia upya. Ilikuwa Koboko, wakati wa utawala wa wanajeshi, asubuhi, kwenye kibaraza cha ghala la tumbaku. Nilikuwa nimeketi nyuma ya meza na kalamu mpya, na mbele yangu alisimama mtu mzima, mwenye mke na watoto, akiniomba nimwandike kwamba hajafuzu. Nilicheka. Sikucheka kwa ubaya. Nilikuwa kijana mchangamfu tu, asiyejua anachokifanya.

Juzi uliponijia na habari ya kazi yako mpya, kwamba utazunguka maofisini na kwenye karakana kupima kama mafunzo wanayopewa wafanyakazi yanawafaa, nilifurahi kwa ajili yako. Ukanionyesha maswali yako kwenye simu. Je, umeridhika na mkufunzi? Je, umeelewa? Ukumbi ulikuwaje? Chakula je? Nikakuambia maswali ni mazuri. Ukaenda zako, nyumba ikabaki na kimya chake, nami nikashindwa hata kumaliza chai. Nilikuwa nimekudanganya kwa upole, na upole wa namna hiyo ndio ulioniharibia maisha. Ndiyo maana nimekuita tena leo. Weka hiyo simu chini kwanza, haitakimbia.

Mimi ni mtu wa Mvara, palepale Arua, unajua. Nilisoma kwenye shule za misheni hadi nikapata Kiingereza cha kuandikia barua na kiburi cha kutosha watu watatu. Kampuni moja ya tumbaku ikaniajiri ukarani. Jina lake halitakusaidia kitu. Wahindi walipofukuzwa nchini, wasimamizi na mafundi wengi wa kampuni waliondoka nao, na kazi nyingi zikabaki hazina wenyewe. Ikaamuliwa watu wafundishwe upesi, na kazi iliyohitaji watu kuliko zote ilikuwa ya kukausha tumbaku.

Hujawahi kuona bani, wewe ni mtoto wa mjini. Ni nyumba ya matofali inayokwenda juu, haina madirisha ila matundu ya hewa. Majani mabichi hufungwa kwenye vijiti na kutundikwa ndani, safu juu ya safu. Chini yanapita mabomba ya bati yanayobeba joto la moto wa kuni unaowashwa kwa nje. Moto huo huongezwa kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Ukiuharakisha, majani yanaungua, ukiulegeza, yanaoza. Jasho la nyumba nyingi, la msimu mzima, liko mikononi mwa mtu mmoja anayelisha kuni.

Basi, wanaume kutoka vijiji vya Koboko waliletwa Arua kwa majuma mawili. Mkufunzi alitoka Kampala, mtu mpole, mwenye mwandiko mzuri ubaoni. Aliwafundisha kusoma kipimajoto: siku ya kwanza nyuzi hizi, siku ya pili nyuzi zile, hadi siku ya mwisho. Walikariri kama watoto wa katekisimu. Kisha wakarudishwa kwao, na mimi nikatumwa kuwafuata, nikae Koboko msimu mmoja, nipime kama mafunzo yameshika, nipeleke ripoti Arua.

Sikuwahi kuwa mpweke kama Koboko, mwanangu, ukiacha upweke huu wa sasa ambao nimeuzoea. Nilipewa chumba nyuma ya ghala, kilichonuka tumbaku hadi kwenye mto wa kulalia. Mimi Mlugbara katikati ya Wakakwa; watu walinisalimu vizuri kwa Kiswahili, halafu wakarudi kwenye lugha yao na kuniacha nje. Jumapili ndizo zilizokuwa ndefu. Nilikuwa nafua shati lililo safi ili tu mikono iwe na kazi. Nilikuwa nasoma barua ileile ya dada yangu hadi nikaijua kwa moyo, na haikuwa na kitu, ilikuwa habari za mihogo.

Aliyenitoa humo aliitwa Lemi, mmoja wa wale waliofundishwa. Jioni moja alinikuta kibarazani nikila karanga peke yangu, akasema mutu hapana kula peke yake kama mgonjwa, twende. Tangu siku ile nikawa nakula kwake. Mkewe, Poni, alisonga ugali wa muhogo na mtama, na mboga yake ya majani ya kunde niliisifu hadi akanikataza. Lemi hakuwa msemaji. Tulikaa tu, tukatazama watoto wakikimbizana na kuku, na mimi nikasahau kuhesabu siku. Nilimpenda mtu yule. Neno hilo sikulisema vizuri maisha yangu yote, kwa hiyo leo nalisema wazi.

Siku ya kupima ikafika. Mkufunzi alikuja kutoka Arua na gari la kampuni. Tuliwakusanya wote kibarazani, nikawa nasoma maswali yangu kumi na mawili, moja baada ya jingine. Mmeelewa kutumia kipimajoto? Wakasema, iko sawa. Mnajua hatua za moto? Iko sawa. Mwalimu amefundisha vizuri? Iko sawa kabisa. Wakataja nyuzi zote bila kukosea, na mkufunzi akatabasamu kama baba arusi. Lemi naye alisema iko sawa, nilimsikia.

Mwanangu, wewe unawajua watu wetu. Mtu ametoka mbali kwa ajili yako, ameacha mke wake Kampala, amechoka na vumbi, halafu usimame mbele ya wenzako umwambie hukuelewa? Huko ni kumrudishia mgeni zawadi yake mlangoni. Na miaka ile kulikuwa na la zaidi: neno "hapana" mbele ya mtu mwenye karatasi na gari lilikuwa linaogopwa. Mimi nilizaliwa humohumo, nililijua hilo kuliko mkufunzi wa Kampala. Nikaandika hata hivyo, wameelewa.

Asubuhi ya pili, gari limeshaondoka, Lemi akaja kibarazani. Hapo ndipo pale nilipoanzia. Alisimama, hakutaka kiti.

"Ndugu yangu, ile karatasi iko na jina yangu, andika mimi bado."

Nikamuuliza bado nini, nikacheka.

"Kazi. Jana mbele ya watu mimi nasema iko sawa, maana mwalimu nakuja mbali. Lakini mikono yangu bado hapana jua. Ukiandika mimi najua, Mzee Wani narudishwa nyumbani, mimi nabaki peke yangu na moto."

Mzee Wani alikuwa mkaushaji wa zamani, asiyejua kusoma, aliyeshika kazi ile tangu mabani ya kwanza yajengwe. Mpango wa kampuni ulikuwa wazi: waliofundishwa wakifuzu, wazee wapumzishwe. Lemi alitaka msimu mmoja tu zaidi wa kujifunza kando ya Mzee Wani. Kisha akaniambia jambo la pili, ambalo fomu yangu haikuwa na mahali pake: kipimajoto cha bani lake kilikuwa kimekufa tangu mwaka uliopita, na vipya havikuwahi kuletwa. Zile nyuzi alizozikariri hakuwa na kitu cha kuzisomea.

Nilimjibu kama mtu mkubwa. Nikamwambia asijidharau, kila anayeanza huogopa, na vipimajoto vitakuja. Lakini moyoni nilikuwa na hesabu nyingine. Kwanza, nimekula kwake miezi mitatu; namwandikaje rafiki yangu kwamba ameshindwa, jina lake lisomwe hivyo Arua? Kwetu huwezi kumwaibisha mtu ambaye mkono wako umezoea sahani yake. Pili, na hili ndilo nililolificha hata mwenyewe, nilikuwa nimechoka na chumba kile. Nilijua ripoti nzuri ingenirudisha Mvara. Nikaandika mbele ya jina la Lemi: amefuzu, vizuri sana. Niliongeza hilo "vizuri sana" kama zawadi.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Lemi hakuuficha wake, aliniletea mwenyewe akiwa peke yake. Mimi ndiye niliyemfunika kwa nguvu.

Ripoti ikapendwa. Nikaitwa Arua, nikapewa meza karibu na dirisha, Mzee Wani akapewa mkono wa kwaheri na blanketi. Nilimwandikia Lemi barua mbili, sikupata jibu, nikajiambia ni msimu wa kazi. Mpaka ilipofika habari kwamba bani la Lemi limeungua, na tumbaku yote ndani, ya nyumba zaidi ya ishirini. Lemi aliingia kuvuta vijiti vilivyokuwa vimeanza kushika moto, na alitoka na mikono imeungua.

Meneja aliniita. Hakuwa mtu mkali. Alikuwa mtu mwenye hofu, na hao ndio wabaya zaidi, kwa sababu yeye naye alipaswa kuwajibu wanajeshi. Alikuwa na faili mezani. Akanionyesha ripoti, akaniuliza kama saini ile ni yangu. Nikasema ndiyo.

"Kwa hiyo huyu alijua kazi," akasema. "Mtu anayejua akiunguza, ameunguza kwa makusudi."

Hukuwa umezaliwa, huwezi kujua neno "makusudi" lilikuwa na uzito gani miaka ile. Mtu aliyeitwa mhujumu alichukuliwa, na wa nyumbani kwake hawakuambiwa amepelekwa wapi. Kama ningesema, "Bwana, alinieleza hajui, na kipimajoto hakikuwepo, mimi nilificha," jambo lingegeuka. Pengine lingenigeukia mimi. Nilisimama pale, meneja ananisubiri. Nikasema, iko sawa. Neno lilelile. Ndipo nilipojua linatoka wapi kwenye mwili wa mtu. Linatoka magotini.

Mungu alimwonea Lemi huruma ambayo mimi sikuwa nayo. Kabla ya watu kumfikia, alivuka mpaka kuingia Zaire, Kongo ya leo, na Poni akamfuata na watoto. Mpaka kule haukuwa mbali, ni mwendo wa mguu.

Nilipata ruhusa ya siku mbili nikaenda Koboko. Sijui nilikwenda kutafuta nini. Nyumba ya Lemi ilikuwa imefungwa kwa miiba mlangoni. Watu niliokuwa nawasalimia wakaitikia salamu yangu kwa heshima yote, na hakuna hata mmoja aliyenikaribisha kukaa. Nikaenda kwa Mzee Wani. Alikuwa ameketi nyuma ya nyumba yake anachonga mpini wa jembe, hana mtu. Yeye ndiye peke yake aliyenipa kigoda. Nikajieleza. Nikasema niliwauliza, Mzee, wote waliniambia wameelewa, nimewauliza maswali kumi na mawili.

Aliinuka, akanichukua hadi kwenye bani kuukuu lililokuwa karibu, akatoa jani lililosahaulika kwenye kijiti, akauvunja uti wake wa kati karibu na sikio langu.

"Hii nasema nini?"

Nikasema sijui.

"Hii nasema bado maji iko ndani. Moto ngoja. Sasa hapa," akanionyesha mabomba ya chini, "mbele ya moto ya mwisho, mutu naingia, natoa majani yote nayoanguka juu ya chuma. Usipotoa, nawaka. Lemi hapana toa. Mimi bado hapana onyesha yeye, maana hii ni kazi ya siku ya mwisho, bado hapana fika, na nyinyi natuma mimi nyumbani."

Kisha akanitazama vizuri, na wala hakupandisha sauti.

"Mtoto yangu, wewe nauliza mdomo. Mukono hapana uliza. Mdomo ya mutu maskini ni ya kusema ndiyo. Na wewe mwenyewe hii kazi hapana jua. Namna gani wewe napima kitu wewe hapana jua?"

Hiyo ndiyo mitihani yote niliyowahi kufeli, mwanangu, ndani ya sentensi moja. Mzee akarudi kuchonga mpini wake. Nilikaa naye hadi jua likawa kali, kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kukaa, na nadhani yeye pia. Alikuwa na ujuzi wa miaka mingi mikononi na hakukuwa na mtu wa kumpa. Hilo nalo lilikuwa kwenye ripoti yangu, ila kwa maneno mengine: wazee wapumzishwe.

Nikarudi kwenye meza yangu karibu na dirisha. Wenzangu walinichangamkia, nami nikawa nawakwepa, kwa kuwa kila aliyenialika kula nilimwona kama mtu ambaye nitamponza. Sikuoa miaka ile. Watu walidhani najivuna. Majuto ni mjukuu, husemwa, huja baadaye. Mimi wajukuu wangu ni hao.

Kisha vita vikaja, ule mwaka wa sabini na tisa, na West Nile, mkoa wetu, ikaanza kumwagika kuvuka mipaka, wengine Sudan, wengine Zaire. Mimi nilikuwa mmoja wa walioelekea Zaire, na mkoba mmoja. Wengine waliuliza habari za chumvi na mablanketi; mimi niliuliza kila kambi, kila soko, mtu anaitwa Lemi, Mkakwa, mikono yake iliungua. Siku ya kumi na kitu mwanamke mmoja muuza mihogo akanielekeza kwenye nyumba ya nyasi iliyokuwa imepangwa vizuri kuliko zingine. Poni ndiye aliyeniona kwanza. Hakunifukuza. Aliingia ndani akamwita mumewe.

Alikuwa amekonda. Tukasalimiana, nikanyoosha mkono, na yeye akanipa kifundo cha mkono, kwa sababu vidole vilikuwa vimejikunja, havifunguki. Chakula kilipoletwa, Poni alimnawisha, akamlisha, kama ilivyokuwa desturi yao sasa, bila aibu. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani. Yote yakanipotea. Nilisema tu kwamba nimekuja kuomba msamaha, kwamba nilidhani namsaidia, na kwamba meneja aliponiuliza niliuficha ukweli.

Alitafuna akamaliza. Ndipo akasema:

"Siku ile mimi naomba wewe kitu kidogo sana. Neno moja. Bado."

Hakusema amenisamehe, hakusema hakunisamehe. Akamwambia Poni anipe mkeka, maana nimetoka mbali. Nililala kwake usiku huo, na asubuhi niliendelea na safari, kwa kuwa sikuweza kutazama kifungua kinywa kikiliwa kwa mikono ya mtu mwingine. Niliahidi kurudi. Nilipopata nafasi ya kurudi, miaka ilikuwa imepita, na niliambiwa ameshazikwa.

Basi, mwanangu, haya ndiyo niliyotaka kukuambia badala ya lile neno "mazuri."

Maswali yako ya ukumbi na chakula yaache ya mwisho, au yaache kabisa. Usiwaulize watu kama wameelewa mbele ya aliyewafundisha, maana watakuheshimu hadi wakuue. Ngoja mafunzo yapoe, mwezi, miezi miwili, kisha nenda pale mtu anapofanyia kazi, usimame, utazame mikono yake. Mwambie akufundishe wewe. Anayejua atakufundisha, na asiyejua utamwona anatafuta maneno. Uliza kile alichofundishwa kukitumia kipo? Au alifundishwa gari akarudi kwenye baiskeli? Elimu bila amali ni kama nta bila asali, na wakati mwingine mwenye kosa si aliyefundishwa wala aliyefundisha, ni yule aliyekaa ofisini akasahau kuleta kipimajoto. Hilo nalo liandike, hata kama limekaa kwenye kiti kikubwa. Na kama kuna mzee anayeijua kazi ile kwa vidole, usimfukuze kwa ripoti yako kabla hajamaliza kusema.

Lakini zaidi ya yote, utakapokutana na mtu anayekuja peke yake na kukuambia hajui, usimcheke, usimfariji, usimpambe. Amekuletea kitu ambacho mafunzo yote ya dunia hayawezi kununua. Mwandike hivyohivyo alivyosema, kisha pigana apewe muda. Kumwandika mtu "bado" si kumtukana. Kumwandika "amefuzu" wakati hajafuzu ni kumfunga kamba shingoni na kumkabidhi ncha yake mtu usiyemjua. Na kama umeshakosea, sema siku ileile, ukiwa bado unasimama mbele ya meneja, hata magoti yakikataa. Maji yakimwagika hayazoleki.

Nenda sasa, usichelewe kazini kwa ajili ya mzee. Njoo tena hata kama huna swali, hapa hapana foleni. Mungu wa baba zetu akufungulie njia, akutangulie kwenye milango ya watu wakubwa na ya watu wadogo. Akupe rafiki wa kukuambia ukweli mkiwa wawili tu, na akupe moyo wa kumsikia. Mimi nilipewa la kwanza tu.